Koti la Mgombea Mwenza

4 Februari

Mdogo wangu,

"Familia ile haikumpoteza mtoto, ilimtoa kwa taifa, na kilichotolewa kwa taifa hakidaiwi." Hayo ni maneno ya Katibu Mwenezi wa chama chenu, gazeti la Jumapili, chini ya picha yake akiwa amekunja mikono kama mtu anayesubiri kupongezwa. Nimeyatanguliza kabla hata ya salamu, na hilo peke yake likuonyeshe nilivyochemka.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama hajambo kwa kiasi chake. Miguu inavimba asubuhi, ikifika mchana inanywea, na kumbukumbu inakwenda na kurudi kama umeme wa mtaa wetu. Bado anakaa mbele ya cherehani yake hata siku asizoshona. Jana kaniambia mvi zangu zinanifanya nionekane mkubwa kuliko yeye. Paa la jikoni lilivuja, nikaita fundi, akaziba pale palipokuwa hapavuji. Shuleni nimewaachia wenzangu madarasa ya wadogo; mimi nimebaki na historia ya wakubwa, ambao angalau wanasinzia kwa adabu.

Nirudi kwa bwana yule. Anayetoa ni mwenye kitu. Nani alitoa? Mama alikuwa hapa hapa anakata kitambaa alipoletewa habari. Mimi nilikuwa darasani. Wewe ulikuwa na mdomo wa mtu mbele yako na koleo mkononi. Hakuna aliyetuuliza, hakuna aliyesema chukueni. Uchaguzi uliopita kaka yetu alikwenda kuomba kura pamoja na Mwenyekiti wenu, mmoja mgombea urais, mwingine mgombea mwenza. Gari la mbele likasombwa na mto, kaka na dereva wake ndani. Mwenyekiti, aliyekuwa gari la nyuma, alifika salama, akahutubia mazishi, akavuna kura za machozi, na bado akashindwa. Huko si kutolewa, ni kuchukuliwa. Na kilichochukuliwa nitakidai mimi, hata kama nimebaki peke yangu na kalamu.

Najua kwa nini ameandika sasa. Mwenyekiti anagombea tena, nafasi ya mgombea mwenza iko wazi, na hapa mtaani wanasema jina linalotajwa ni lako. Wewe, daktari wa meno. Mtu ambaye tangu utotoni ukiulizwa unataka kikombe kipi unajibu "chochote". Niambie ni uzushi, nicheke, yaishe.

Nakuandikia kwa mkono na kuipa barua kampuni ya mabasi kwa sababu simu yangu siku hizi ina mwangwi, kama vile kuna mtu wa tatu anayevuta pumzi. Nawe nijibu hivyo hivyo.

Dada yako.


26 Februari

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa ofisi ya mabasi huku mimi nikiwa safarini. Wifi yako anakusalimu sana. Binti yako ameng'oka jino la mbele na amekataa nilitazame. Anasema mimi ni daktari wa watu wengine. Nibusie Mama mikono. Mwambie dawa ya miguu nimeifunga pamoja na barua hii.

Si uzushi. Kamati ya chama inapima watu watatu. Wa kwanza ni profesa wa sheria, wa pili ni yule mama mwenye kiwanda cha sabuni, watu wote wanamwita Mama Sabuni, na wa tatu ni mimi. Sikuomba. Nilipigiwa simu nikiwa na mgonjwa kitini, na mgonjwa ndiye aliyeniambia kwa ishara ya mkono nipokee.

Ukumbi wa kamati una meza ndefu na maua ya plastiki yenye vumbi. Ukutani, juu kabisa, wametundika picha ya Kaka akihutubia. Waliniketisha chini yake. Sikujua ni kwa makusudi mpaka mzee mmoja aliponiambia, "Daktari, geuka kidogo upande wa dirisha," nikageuka, na wote wakavuta pumzi kwa pamoja. Hawakuniuliza jambo lolote kuhusu hospitali, wala maji, wala ajira. Waliniuliza kama naweza kusema "Jirani zangu" kama alivyokuwa akisema yeye, mpaka watu wakamwita Jirani. Nikajaribu. Mama mmoja akatoa leso.

Kuhusu wenzangu, nimesikia kidogo. Profesa wanasema anajua mno. Mama Sabuni wanasema ana watu wengi nyuma yake, na Mwenyekiti hapendi kelele za nyuma. Walipofika kwangu nilitolewa nje, nikakaa kwenye korido pamoja na madumu ya maji ya kunywa. Kicheko kilisikika. Sijui walicheka nini.

Baadaye nilipigwa picha. Koti langu lilionekana la kizee, wakanipa jingine. Lilinikaa vizuri isipokuwa bega la kushoto.

Dada, bado hawajaamua. Usiandike makala kwenye gazeti lako.

Mdogo wako.


9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu za wifi yangu zimefika, na mwambie binti yangu yuko sahihi: meno ya maziwa hayahitaji daktari, yanahitaji shangazi. Dawa ya Mama imefika pia. Ameinusa, akasema inanuka kama wewe.

Nilikuwa nimeshaandika kurasa za ukali. Nimezichana. Sikia kilichotokea.

Gazeti lililetwa Jumamosi, picha yako ukurasa wa mbele. Nililificha chini ya mto wa kochi. Mama akaenda kukalia pale pale, akalitoa, akavaa miwani. Hakusema "huyu mwanangu daktari". Uso hakuutazama kabisa. Aliweka kidole kwenye bega la kushoto.

"Koti langu hili," akasema.

Nikamwambia makoti meusi yako mengi.

"Mimi nakuambia koti langu, wewe unaniambia makoti. Bega hili nililijaza pamba kwa mikono yangu. Mwanangu alianguka darini akiwa mdogo, bega lake likalala, nikamjazia ili wasimcheke. Mtu mwenye bega zima akilivaa, linapanda hivi. Hulioni lilivyopanda? Na wewe umesoma."

Nililiona.

Mdogo wangu, mwili ulipoletwa nyumbani ulikuwa na shati tu. Watu wa chama walisimama katika sebule hii, wakamwambia Mama kwamba mto ulimvua koti. Mama aliuliza tena, nao wakaapa tena. Tena walieleza kirefu jinsi alivyoomba mwenyewe kutangulia, tangu asubuhi, kwa sababu alikuwa na hamu ya kuwaona wananchi. Alipanda gari la mbele akiwa amevaa koti, akafa akiwa ndani yake. Hiyo ndiyo hadithi tuliyopewa, na wewe ulikuwa umekaa kulia kwangu ukiisikiliza.

Sasa sikia lililobaki, kwa maana hilo ndilo linaloniondolea raha. Mama alikunja gazeti taratibu, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari njema: "Basi kama koti lipo, naye yuko njiani. Mtu haachi koti lake asirudi kulichukua."

Tangu siku hiyo hataki mlango ukomewe. Nikikomea, anakuja nyuma yangu na miguu yake ile, anafungua. Ananiambia nina roho ngumu. Alikuwa amekwisha kumzika mwanawe, mdogo wangu. Ilimchukua muda mrefu lakini alikuwa amemzika. Picha moja tu, mmemfukua.

Kwa hiyo nina swali moja. Koti hilo lilikuwa wapi siku ile, na limefikaje kwako?

Dada yako.


2 Aprili

Dada, shikamoo.

Hatujambo, isipokuwa mafua. Binti yako sasa ana mapengo mawili na anapiga mluzi kupitia hapo. Wifi yako amepandishwa cheo kazini, na hajui kama afurahi, maana waliomletea habari ni watu wa chama, si wakubwa wake.

Mbele ya zahanati yangu kuna ukuta wenye bango la zamani la Kaka. Jua limelififisha lakini macho yalibaki. Juzi vijana wa chama walibandika langu juu yake bila kulibandua. Likilowa mvua, macho yake yanatokeza chini ya macho yangu. Wagonjwa wananiuliza ni nani kati yetu anayegombea. Nawacheka, nawaambia wafungue mdomo.

Tulitembelea soko. Mama mmoja muuza ndoo alinishika mkono, akakataa kuuachia, akaniambia, "Jirani, mbona umekonda hivi?" Nilikusudia kumsahihisha. Badala yake nikasikia nikimjibu, "Safari nyingi, mama." Akalia, akanipa ndoo ya bluu. Dada, sauti ile haikutoka kwangu. Niliisikia kama wewe ungeisikia.

Najua utakavyosema. Lakini fikiria upande wangu. Maisha yangu yote watu wamefungua midomo mbele yangu na hakuna aliyeniambia kitu. Sasa wananiambia. Nikiwa nimelivaa lile koti wananiambia mambo ambayo Kaka alikuwa akiyabeba: shamba lililochukuliwa, mtoto aliyekosa shule. Labda naweza kuyamaliza aliyoanza. Labda ndiyo maana nilizaliwa na sura hii.

Mkutano mkuu wa kuniteua umepangwa mwisho wa Mei. Nitatakiwa kuhutubia. Kaka alikuwa akiandikiwa na wewe, usinikatalie. Niandikie hotuba.

Msalimie Mama. Mwambie nitakuja.

Mdogo wako.


11 Aprili

Mdogo wangu,

Umemwambia Mama utakuja. Nimemsomea mstari huo kwa sauti, naye ameniuliza, "Yupi?" Sasa anaweka sahani ya tatu mezani. Jana alinituma dukani nikamnunulie pamba. Anasema mwanawe akifika atakuwa amechoka, bega litakuwa limelala zaidi, koti litahitaji kujazwa upya. Nikanunua. Ningefanyaje?

Umeniandikia kuhusu mafua, mluzi, ndoo ya bluu. Swali langu umeliruka kama mtu anavyoruka mfereji huku ameinua suruali. Nimesoma historia ya wanasiasa wengi kuliko umri wangu, na wote wanajibu maswali hivyo, lakini wao angalau wanakuwa wamekwisha kupata cheo.

Unataka hotuba. Kabla ya hotuba, chukua somo, hili halina ada. Mgombea mwenza ni nini? Katibu Mwenezi wenu anasema ni pambo la bango, kura za kuongezea. Anajua anadanganya. Mwenza ni mtu pekee nchini ambaye kazi yake ni kuwa tayari kwa siku ambayo mwenzake hayupo. Na mpaka siku hiyo ifike, ana kazi moja tu yenye maana: kumwambia mwenzake hapana, mlango ukiwa umefungwa, wakati wengine wote wanaitikia ndiyo. Huo ndio mzani. Ukitaka kumjua anayegombea urais, usisikilize anachoahidi. Tazama anamtaka nani akae karibu naye, na umwone anamwogopa nani. Profesa amewekwa kando kwa sababu anajua. Mama Sabuni amewekwa kando kwa sababu ana watu. Wakaja kwako. Jiulize wamekuta nini kwako ambacho hakimtishi mtu.

Sisemi hufai. Wewe ni mpole, na upole si kosa. Mimi ndiye niliyeukosa, ukakusanywa wote kwako. Lakini hawakutaki wewe. Wanamtaka marehemu, ila awe mkimya kidogo kuliko alivyokuwa. Wamepata sura yake, wamepata maneno yake ya salamu, wamekuvika koti lake. Kilichobaki ni wewe utoke ili yeye aenee.

Unasema labda utamaliza aliyoanza. Hakuacha kazi nusu kwa sababu alichoka. Kuna mtu alimkatiza, au alimwachia mto umkatize. Anza hapo.

Sitaandika hata neno moja la hotuba mpaka unijibu. Koti lilikuwa wapi?

Dada yako.


7 Mei

Dada, shikamoo.

Leo sina habari za nyumbani. Wote wazima.

Nilimwuliza. Tulikuwa garini, mchana, mimi na Mwenyekiti kiti cha nyuma, tunakwenda kwenye mkutano wa hadhara upande ule ule wa mto. Sasa kuna daraja jipya. Tulipokuwa juu yake nilitazama maji, yalikuwa madogo, watoto wanafua. Nikamwuliza kama mtu anayeuliza saa: "Mwenyekiti, koti hili mlilipata wapi?"

Akanijibu pale pale bila kusita. "Lilibaki hapo ulipokaa."

Nikadhani sikusikia. Akaendelea, na nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa yamekaa kichwani mwangu na hayatoki.

"Siku ile maji yalikuwa yamefunika daraja la zamani. Kaka yako alikuwa humu na mimi, tunapiga soga. Dereva wa gari la mbele akasimama, akakataa kuingia. Huko uwanjani watu wanatusubiri, mvua inawatawanya. Nikamwambia kaka yako, shuka ukazungumze na yule dereva, wewe anakusikiliza. Panda naye, vukeni, sisi tutafuata. Akavua koti asililoweshe, akalilaza kwenye kiti, akashuka na shati. Hakuniuliza hata swali moja."

Akageuza uso dirishani. Nikafikiri anaumia. Nilikuwa tayari hata kumpa pole. Kisha akaniwekea mkono gotini.

"Mwenza wa namna ile ni shida kumpata," akasema. "Lakini nimekuchunguza muda mrefu. Na wewe ni mtu mtulivu."

Dada, hakuwa anakiri. Alikuwa ananisifu. Alikuwa ananieleza sifa za kazi.

Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilikaa. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka tulipofika, nikashuka, nikapanda jukwaani, nikasema "Jirani zangu", uwanja ukalipuka kwa vifijo. Koti lilinibana begani na sikulivua.

Tangu siku hiyo, kila nikilivaa, nahisi mwenye nalo amesimama nyuma yangu na shati lake lililolowa, anasubiri nimalize nimrudishie. Hasemi kitu. Kaka alikuwa msemaji, ndiyo maana naogopa. Jana mgonjwa aliniambia nimeacha kumtazama mdomoni, natazama mlangoni.

Jina langu limepita kwenye kamati. Yamebaki makofi ya wajumbe. Nikikataa, watasema nimeisaliti familia yangu mwenyewe. Nikikubali, nitakaa kiti kile, na siku moja ataniambia shuka.

Nimejibu swali lako. Sasa niandikie nitakachosema.

Mdogo wako.


14 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama uani, nguo za kufua mkononi, na nilipomaliza nikakuta nimezikamua mpaka zimekauka.

Sikuandikii. Nimeandika makala za kuwapiga mawaziri, maaskari na wakuu wa shule. Sijawahi kukataa kalamu mpaka leo. Nikikuandikia mimi, utakuwa umevua koti la kaka na kuvaa la dada. Maneno unayo. Umeniandikia mimi, waambie na wao.

Ila jambo moja usilisahau ukiwa umesimama pale. Alikuwepo dereva. Alitazama maji, akasema hapana. Katika msafara mzima wa magari yenye bendera, yeye ndiye mtu pekee aliyefanya kazi ya mgombea mwenza siku ile, na hakuna aliyebandika sura yake ukutani. Hata mimi, mwenye mdomo huu, katika makala zote nilizoandika kumhusu kaka yetu, sikumtaja hata mara moja. Mtaje wewe.

Mama anauliza koti litakuja lini.

Dada yako.


3 Juni

Dada, shikamoo.

Umeshasikia, kwa hiyo nitakuandikia yale ambayo redio haikusema.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka ngazini. Jukwaani viti viwili, cha Mwenyekiti na changu. Katibu Mwenezi aliposoma jina, wajumbe hawakuliita jina langu, waliita "Jirani, Jirani", wanapiga miguu sakafuni. Nikaenda kwenye kipaza sauti. Sikuwa na karatasi. Nikasema, "Mimi si Jirani. Jirani amekufa. Mimi ni daktari wa meno."

Wakacheka. Walidhani ni mzaha wa kufungulia hotuba. Kaka alikuwa akianza na mzaha.

Nikavua koti, nikaliweka kwenye kiti changu, nikabaki na shati. Hapo wakaanza kunyamaza, safu moja baada ya nyingine. Nikawaambia koti lile lilikuwa wapi siku ile, na nikawaambia juu ya dereva aliyekataa, na amri iliyotolewa ili asikatae. Nikamgeukia Mwenyekiti. Nikamwuliza, "Yule dereva aliyaona maji. Kaka yangu aliyaona maji. Wewe uliyaona?"

Kipaza sauti kikakatika. Lakini hakikukatika kabla ya swali, Dada. Lilifika.

Alikuwa akilitazama koti, si mimi. Na nakuapia, kwa muda ule mfupi, ukumbi mzima ulilitazama kama vile kuna mtu ndani yake. Mjumbe mmoja wa mbele aliinuka nusu, kama mtu anayetaka kumpisha mkubwa.

Kisha Katibu Mwenezi akapanda jukwaani na kusema daktari amechoka, tumpumzishe. Wakatangaza mapumziko ya chai. Waliporudi ndani walinyoosha mikono, Mama Sabuni akateuliwa kabla chai haijapoa. Waliopiga miguu kwa ajili yangu walipiga miguu kwa ajili yake. Wachache walibaki wamekaa na mikono mapajani. Niliziona nyuso zao.

Nilirudi jukwaani mbele ya watu wote, nikachukua koti, nikaondoka nalo. Hakuna aliyenizuia. Walipisha njia pana kuliko niliyohitaji.

Zahanati imefungwa kwa ukaguzi ambao hauna tarehe ya kwisha. Wagonjwa wanakuja nyumbani kunisalimu wakiwa wameshika mashavu. Wifi yako anasema sasa naongea hata usingizini, na kwamba haijamchosha bado. Bango langu wamelibandua. Wakati wa kulibandua waliondoka na kipande cha lile la chini, lakini macho yamebaki. Bado yanatazama barabara. Niliwahi kuyaogopa.

Koti liko kwenye kifurushi hiki. Nimelikunja nilivyoweza. Mwambie Mama nimemrudishia, na kwamba ninayekuja ni mimi, mdogo.

Mdogo wako.


16 Juni

Mdogo wangu,

Kifurushi kilifika kimelowa kona moja. Sisi hatujambo. Paa bado linavuja, na fundi bado anaziba pengine.

Nilimsomea Mama barua zako mbili za mwisho, ya garini na ya ukumbini, naye akalitandaza koti juu ya meza ya cherehani. Akalipapasa lote, pindo kwa pindo, mpaka kwenye kola. Nilikuwa nimesimama mlangoni na lile furushi la pamba alilonituma nikanunue, nikimsubiri aniombe. Hakuniomba. Akachukua wembe, akafumua bega la kushoto taratibu, akatoa pamba yote ya zamani, imegeuka rangi, imeshikana kama kitu kilicholala majini. Akaishika kifuani muda mrefu. Akasema, "Hakuwa na haja ya kushuka. Alikuwa ameketi." Kisha akasema, "Basi."

Jioni aliondoa sahani ya tatu. Akaenda mwenyewe na miguu yake ile, akakomea mlango. Mimi ndiye niliyebaki nimekaa kiza kinaingia, nikiutazama ule mlango, nikitaka mtu abishe. Mimi ninayebishana na kila mtu.

Koti amekuachia. Anasema bila pamba litakukaa, na kwamba ulivae ukiwa na jambo lako mwenyewe la kusema.

Sasa kuna kazi moja imebaki. Uliniambia zamani kwamba Mama Sabuni amewahi kuketi kwenye kiti chako cha zahanati. Mtafute, umpe karatasi hii mkononi. Gazeti langu limekataa kuichapa, kwa hiyo nimeiandika kama wewe ulivyofanya, bila kipaza sauti.

*Mama Sabuni, hunijui. Mimi ni dada wa mtu uliyerithi kiti chake. Ulikuwa ukumbini, ulilisikia swali, na ulikubali uteuzi jibu likiwa halijatolewa. Sikulaumu; huenda unaamini wewe ni mgumu kuliko kaka yangu. Yeye naye aliamini hivyo. Alikuwa na sauti ya kujaza uwanja, na ilipohitajika neno moja dogo ndani ya gari, hakulisema.*

*Watakuambia wamekuchagua kwa sababu ya watu wako. Mimi nakuambia watakupima kwa kitu kimoja tu, na watakipima njiani, bila waandishi wa habari, mahali ambapo dereva amesimama na hataki kuendelea. Siku hiyo mtazame dereva usoni kabla hujamtazama aliyekuteua. Na ninyi ndugu zake mtakaoisoma karatasi hii, mnaojivunia bango lake sebuleni, msimwachie aende mpaka awaahidi hili.*

*Mwenyekiti atakapokuambia shuka, tangulia, sisi tutafuata: usishuke. Kaa hapo hapo, koti lako likiwa mwilini, mpaka yeye ashuke kwanza.*